Hatua ya Kwanza Aliifanya Baba

Kijitabu cha trekta letu kilikuwa na ukurasa mmoja ambao mpaka leo naweza kuusoma kwa moyo. Juu yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba injini inazunguka lakini haitoi cheche, na chini yake zimepangwa hatua tisa za kufuata, moja baada ya nyingine, bila ya kuruka. Maneno ya mwisho, bila ya kuruka, yalipigiwa mstari. Nadhani ndiyo sababu nilikipenda. Sijawahi kukutana na mtu wa kunielewa kama kijitabu kile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa Birkat al Mauz, Omani, na nilikuwa nimemaliza skuli miaka miwili nyuma. Alama zangu hazikutosha kuingia chuo kikuu. Zilipungua kidogo tu, na huo udogo wake ndio ulionitesa. Ningefeli vibaya ningelala usingizi. Nyumbani hakuna aliyesema nimefeli. Walisema "bado", kama kwamba kuna basi ninalolisubiri. Basi nikakaa nyumbani nikawa napanga makabati. Nilikunja nguo za nyumba nzima na nilipoona pindo moja limekwenda upande nilizikunjua zote nikaanza upya. Nikiandika ukurasa na herufi moja ikatoka nje ya mstari, nilichana. Mama aliniogopea. Mimi mwenyewe nilijiogopa, ila sikusema.

Shamba ndilo lililonitoa chumbani. Tulikuwa na shamba dogo chini ya kijiji, mitende ishirini na kitu, migomba, na kipande cha wazi cha kupanda majani ya mifugo na mboga, pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji. Nilisoma vitabu vya kilimo nilivyovipata, nikachora ramani ya kipande kile kwa rula, nikaandika nini kitapandwa wapi. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, nikamwonyesha baba ile ramani nikamwambia nataka kulima mwenyewe.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa karani ofisini Nizwa, na alizitazama karatasi kwa heshima.

"Mashallah," alisema. "Kazi safi hii." Kisha akasema, "Lakini trekta limekufa, mama. Toka juzi haliwaki."

Baba huniita mama anapotaka kunibembeleza.

"Nikilitengeneza?"

Akacheka. Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Ukilifufua kabla ya msimu wa kupanda wa baridi, shamba lako. Lima utakavyo."

"Wallahi?"

"Nimesema."

"Na nisipoweza?"

"Tutaona. Labda ami yako atalichukua alime yeye."

Ami alikuwa binamu yake baba, mtu wa hapo hapo kijijini, ambaye hakuwahi kwenda Afrika. Wazee wangu waliporudi kutoka Unguja na masanduku mawili, ni yeye aliyewafungulia nyumba yake, wakakaa miaka miwili kabla ya kupata pao. Kwa hiyo jina lake lilipotajwa halikunishtua. Ami alikuwa akitajwa katika kila jambo.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya machungwa iliyopauka, kongwe kuliko mimi. Baba alilinunua kwa Wazungu waliokuwa wakifunga kambi yao njia ya Nizwa. Lilikuwa na kazi moja: kupita baina ya mitende ambapo trekta kubwa halipiti. Lina injini ya silinda moja na ufunguo. Ukiuzungusha, injini inazunguka vizuri, inakohoa hewa tupu, basi.

Nilianza siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Baba akaja na ndoo, akaigeuza kifudifudi akaikalia, akaweka birika la kahawa pembeni. Nikafungua kijitabu na kamusi. Hatua ya kwanza ilisema: ondoa waya wa kuzimia kwenye injini, kisha jaribu cheche. Waya huo unatoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita chini ya kiti, unafika kwenye injini. Kazi yake ni moja. Unapogusa chuma cha mwili wa trekta, cheche inakufa na injini inazima. Kwa hiyo ukikwaruzika pahala na kugusa chuma bila ya kutakiwa, injini haitowaka kamwe, hata ukibadilisha kila kitu.

Nikanyoosha mkono na spana.

"Huo nimeshautazama mimi asubuhi," baba akasema. "Hauna kitu. Nenda ya pili."

Nikaandika kwenye daftari: *1. Baba kaifanya.* Nikaenda ya pili.

Mtu wa kwengine anaweza kuuliza kwa nini sikuhakikisha. Kwetu huhakikishi kilichofanywa na baba. Akishafunga mlango, hakuna anayeinuka kuusukuma. Akishatia chumvi nyama ya Idi kabla haijaingia shimoni kuokwa, hata mama haongezi. Kurudia kazi yake mbele ya macho yake ni kumwambia muongo, na hilo halikunipitia hata akilini. Mimi, ambaye nilikuwa nikirudi mara tatu kutazama kama jiko limezimwa, nilipita juu ya hatua ile nikiwa na raha kabisa. Ilikuwa hatua pekee kati ya tisa ambayo haikunikosesha usingizi.

Hatua ya pili ni plagi. Unaitoa, unaishika igusane na chuma cha injini, mtu anazungusha ufunguo, wewe unatazama kama cheche inaruka. Baba alizungusha. Mimi niliiwekea kivuli kwa leso ili nione vizuri. Hakuna kitu.

"Zungusha tena, Baba."

"Nazungusha."

"Tena."

"Mama, nitauzungusha mpaka ukatike."

Ya tatu ni kuibadilisha, tukanunua plagi mpya. Hakuna kitu. Hatua ya nne ilikuwa pointi, vidole viwili vidogo vya chuma ndani ya injini vinavyofunguka na kufunga kila inapozunguka. Visipofungana safi, cheche haizaliwi. Vyangu vilikuwa vyeusi. Nilivisugua kwa msasa laini mpaka vikang'aa kama fedha ya bibi harusi, nikapima nafasi yake kwa kipimo cha majani membamba ya chuma. Nikakaza skrubu, nikapima, imesogea. Nikalegeza. Nikakaza. Mara kumi na moja.

"Unapima unywele wa nani?" baba akauliza.

"Kijitabu kimesema."

Mama akatoa kichwa dirisha la jikoni. "Hebu muulizeni huyo trekta kama amekuja kuposa! Kama amekuja kuposa tumpe tarehe, kila siku hapo uani, watu wameanza kuuliza!"

"Anasema mahari yake plagi mbili," baba akamjibu.

"Basi apewe, aondoke!"

Tulicheka sote watatu. Naziandika siku zile kwa sababu zilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Baba hakuwahi kukaa nami hivyo. Ofisini alirudi amechoka, akala, akalala, akaenda msikitini. Sasa kila alasiri alikuwa kwenye ndoo yake, ananipa spana kabla sijaiomba, anasema mikono yangu ina akili kuliko ya mafundi wa Nizwa. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo usiku kitandani. Nilianza kufikiri kwamba zile alama za mtihani hazikuwa na maana, kwa kuwa baba ameniona.

Hatua ya tano ilikuwa kondensa, kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi. Baba alinipeleka Nizwa kwenye duka la spea, kwa mzee wa Kipakistani aliyenitafutia moja kwenye makasha yake ya vumbi kwa muda wa nusu saa. Tukarudi, nikaifunga, hakuna cheche. Nikajaribu siku tatu. Mwisho nikaamua kwamba kondensa ni mbovu, na kwamba yule mzee alijua.

Hapa naona haya. Nilirudi dukani, kuna wateja wanne, nikaiweka ile kondensa juu ya meza nikamwambia kwa Kiarabu changu kizuri cha skuli kwamba amenidanganya kwa kuwa mimi ni msichana. Mzee alikuwa na Kiarabu cha kuokoteza. Alisema, "Mpya, binti yangu, mpya, mimi naapa." Nikasema watu wanaoapa sana nawajua. Mteja mmoja akacheka. Mzee akatoa nyingine ndani ya kasha lililofungwa, akanipa, hakutaka chochote.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Ndani ya gari, njiani kurudi, aliniambia, "Usiwe mkali hivyo kwa watu." Nikadhani ananifundisha adabu.

Kondensa ya pili haikuleta cheche. Hatua ya sita, ya saba na ya nane nilizimaliza kwa siku moja, bure, ikabaki ya tisa, koili inayozalisha umeme wa cheche, ambayo ilibidi iagizwe Maskati, na ilichukua wiki tatu. Wiki zile sikuwa mtu. Niliota pointi. Nilivua kifuniko cha injini kila siku nikapima tena nafasi niliyokwisha kuipima, kwa wasiwasi kwamba imejisogeza yenyewe. Ngozi ya vidole ilipasuka kwa petroli na sabuni. Sikula vizuri. Nilikuwa nikilia bafuni na kufungua bomba ili wasisikie, na walisikia. Nilikuwa nimeshajiridhisha kwamba kosa liko kwangu: kuna mahali nimekosea jambo dogo sana, kama kwenye mtihani, na sitalijua kamwe.

"Kula, mama," baba alikuwa akisema, ananisogezea sahani. "Chuma tu hicho."

"Kwani mimi nimekosea wapi, Baba?"

"Hujakosea. Mashine ikishazeeka imezeeka. Ukiacha, hakuna atakayekulaumu."

"Siachi."

Akajaza kikombe chake cha kahawa, akanywa.

Koili ikaja. Nikaifunga, nikaacha nafasi ya unene wa kadi baina yake na gurudumu la sumaku kama kijitabu kilivyosema. Baba akazungusha ufunguo. Hakuna kitu. Akazungusha tena bila ya mimi kumwomba. Akaniwekea mkono begani na kusema, "Khalas, mwanangu. Umefanya kila kitu." Ilikuwa Jumatano. Wiki inayofuata ilikuwa wiki ya kupanda.

Alhamisi nilikaa chumbani nikafanya jambo ambalo ni mimi tu ningelifanya. Daftari langu lilikuwa na madoa ya grisi, na sikutaka kushindwa kwangu kubaki katika hali ile. Nikachukua karatasi safi nikaanza kunakili hatua zote tisa, kila moja na tarehe, nilichofanya na nilichoona. Nilifika mwisho nikaisoma. Ilikuwa safi isipokuwa mstari wa kwanza. Mistari minane ilisema "nimefanya", na mmoja ulisema "Baba kaifanya", hauna tarehe, hauna matokeo. Ulikuwa unakaa juu ya ukurasa kama kitufe cha shati nyingine. Sikumshuku baba. Nilitaka tu mistari tisa inayofanana.

Ijumaa asubuhi baba alikuwa anaoga kwa ajili ya msikiti. Nikatoka uani na spana, nikaufungua ule waya wa kuzimia kwenye injini, nikaitoa plagi nikaishika kwenye chuma, nikanyoosha mkono wa pili nikazungusha ufunguo.

Cheche ikaruka. Ndogo, ya buluu, na sauti kama kijiti kinachovunjika. Ikaruka tena na tena mpaka nikauachia ufunguo.

Nieleze nilichokihisi kwanza, kwa sababu kinaonyesha nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, maskini baba, aliutazama waya asubuhi ile na macho yake hayakuona. Nikaanza kupanga namna ya kumsitiri. Nitasema waya umelegea jana tu. Nitasema nimekosea mimi. Nikaona bora niurekebishe kabisa kabla hajatoka, asijue hata kidogo, na kwa hiyo nikaufuata kwa vidole kutoka kwenye injini mpaka chini ya kiti.

Chini ya kiti, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila ya kulala chali, ganda la waya lilikuwa limechunwa urefu wa ukucha. Haukukwaruzika. Ulichunwa kwa kisu, mviringo safi, na ile shaba ilikuwa imebanwa chini ya boliti ya mwili. Juu yake pamezungushwa tepu nyeusi. Na ncha ya tepu ilikunjwa ndani kidogo, ili siku ya kuibandua iwe rahisi kuishika. Nyumbani kwetu mtu mmoja tu hukunja ncha ya tepu hivyo. Alinifundisha nikiwa na miaka saba, tukifunga madaftari yangu.

Nikalala pale chini. Wiki moja kabla sijamwonyesha ramani trekta lile lilikuwa likiwaka, nililisikia mwenyewe.

Sikumbuki nililegeza vipi ile boliti. Nakumbuka niliifunga plagi, nikarudisha kila kitu, nikafungua mafuta, nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja. Moshi mweupe, kisha mngurumo laini, bila ya kukohoa, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kipya au kimesuguliwa.

Baba akatoka na kanzu nyeupe, ndevu zinadondoka maji.

"Limewaka," akasema.

"Limewaka, Baba."

"Mashallah." Lakini hakunitazama. Alitazama kiti.

Nikazima. Nikafungua kiganja nikamwonyesha ule utepe mweusi. "Nani kafunga hii?"

Mama alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko mkononi. Sikuzoea kumuuliza baba swali la namna ile, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mwengine.

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Ami yako aliniomba shamba. Barazani, mbele za wanaume. Kabla hujaniletea ile ramani yako. Nikamwambia *abshir*." Hilo ndilo neno la hapa, maana yake umepata, furahi, likishamtoka mwanamme mbele ya watu halirudi. "Mtu aliyetuweka nyumbani kwake miaka miwili. Ungetaka nimwambie nini?"

"Mimi ungeniambia."

"Ningekwambia ungelia."

"Nimelia wiki sita, Baba."

Akapangusa maji ya ndevu kwa kiganja. "Niliuchuna waya mchana ule ule, mlipolala. Nilidhani utachoka," akasema. "Siku mbili tatu, kisha utachoka mwenyewe, na hakuna aliyekukatalia. Sikujua kama utakwenda mpaka Maskati."

"Ulikuwa unazungusha ufunguo."

"Nilikuwa nakaa na wewe."

"Wewe mwanamme!" mama akasema. Alirudi jikoni, na kwa siku tatu akampa chai isiyo na tangawizi, jambo ambalo katika miaka yao yote sikuwahi kuliona.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Kwetu mtu mwema hasemi hapana. Anasema inshallah, anasema tutaona, na mwenye akili anaelewa, anaondoka bila ya kuumia. Baba alikuwa amebanwa baina ya watu wawili ambao hakuweza kumwambia yeyote kati yao hapana, akaliachia trekta liseme kwa niaba yake. Naelewa. Lakini mzee wa spea aliitwa muongo mbele ya wateja wanne, na baba alikuwa nyuma yangu, na ukweli alikuwa nao kinywani. Nilimrudia mzee yule baadaye peke yangu nikamwomba radhi. Hilo niliweza kulirekebisha. Uongo wa baba haukuwa kitu kikubwa. Ulikuwa waya wa urefu wa ukucha. Lililoniuma ni zile alasiri. Sijui ni ipi kati ya sifa alizonipa ilikuwa ya kweli.

Ami alikuja siku ya pili yake na mfanyakazi wake kulitazama shamba na kulichukua trekta. Alisikia mngurumo toka siku ya Ijumaa, kijiji kizima kilisikia. Baba hakuweza kurudisha neno lake, na mimi sikumwomba. Tukasimama uani sote wanne.

"Nani kalitengeneza?" ami akauliza kwa Kiarabu.

"Binti yangu," baba akasema. "Peke yake. Hakusaidiwa na mtu." Na sauti yake ilijaa fahari ya kweli kabisa, na ndipo nilipotaka kukimbia.

"Basi atuonyeshe linavyowashwa," ami akasema. "Mimi na mashine hatuelewani."

Nikamwonyesha mfanyakazi. Nikiri: nilikusudia kuficha jambo moja. Trekta lile lilitaka mafuta yafunguliwe na kuachwa kwa dakika moja kabla ya ufunguo, la sivyo linakataa, na unaweza kulihangaikia wiki nzima usijue kwa nini. Nilitaka walihangaikie. Nilifika pale, nikaruka, nikaendelea na ufunguo, na moyo ukaanza kunienda mbio kama nimeacha jiko linawaka. Sikuweza. Nikasimama nikarudi nyuma nikamwambia juu ya mafuta, na dakika moja, na usiku wa baridi dakika mbili. Kisha nikaingia ndani nikamwandikia yote kwa Kiarabu kwenye karatasi, kwa mpangilio, kwa maandishi yangu mazuri, nikamletea ami.

Ami akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mwenyezi Mungu akuhifadhi," akaniambia. "Msimu huu tutapanda vitunguu."

Mfanyakazi akapanda kitini, akafungua mafuta, akasubiri, akazungusha ufunguo. Likawaka. Wakatoka nalo getini, ami akitembea pembeni mkono juu ya bati lake. Baba alibaki na mimi uani, akanitazama kama anayengojea nimwambie kitu. Nikaokota spana zangu moja moja, nikazipangusa, nikaingia nazo ndani.